Mchoro wa bustani msimu wa majani kupukutika, usiuhukumu kwa picha ya simu

Aisee huu mchoro nimeununua kwa kuuona kwenye simu tu, na picha ya simu imeuonea sana. Kwenye picha unaona bustani, miti ya njano na nyekundu, kinjia, benchi, basi, unasema mbona wa kawaida. Ukisimama mbele yake sasa ndo unakuta rangi ya mafuta imebandikwa nene kwa kisu cha kupakia rangi, kama lipu ya ukutani, yaani taa ikipiga kwa pembeni kila jani lina kivuli chake kwenye turubai, kile kitambaa kilichochorewa.

Pale nilipogandia mimi ni chini ya mti mkubwa wa kulia. Mchoraji kaweka rangi ya chungwa juu ya bluu ambayo ilikuwa haijakauka, halafu kavuta kisu mara moja tu akaacha hivohivo, zikachanganyika kidogo zikatoa mstari wa kahawia chafu, na hapo hapo ndo unaona majani yaliyolowana chini bila yeye kuchora jani hata moja. Chungwa na bluu zikikaa jirani zinakolezana, ndo maana hiyo kona inawaka kuliko pengine pote. Usogee karibu utaona fujo tupu, rudi nyuma hatua kadhaa bustani inajipanga yenyewe.

Wanaompenda Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, watanielewa, yule 1889 alipaka bustani ya hospitali alikolazwa kule Saint-Rémy Ufaransa, wekundu wa udongo na kijani kilichofifia. Huyu hajafika huko, ila angalau haigi.

Anga sasa. Anga limelipuliwa bana, kijivu kimepitishwa harakaharaka mpaka turubai inachungulia, na sio kwa makusudi ya kisanii, ni uvivu tu. Benchi nalo miguu haigusi chini.

Kitu kingine, rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka, inakauka kwa mafuta kushika oksijeni ya hewani, sasa ikiwa nene hivi juu inashika ngozi ndani bado laini kwa miezi. Wa kwangu umekuja plastiki imegandamizwa usoni kabisa, kibonge kimoja cha njano kimelala flati, na hakirudi. Mwambie muuzaji afunge bila kitu kugusa uso wa picha. Vanishi usikimbilie, kawaida watu wanasubiri miezi 6 mpaka mwaka. Na usiufungie kabatini ukisubiri kuutundika, mafuta ya kitani yanayochanganywa kwenye rangi hii yakikaa gizani yanapiga unjano, ila jua la moja kwa moja nalo hapana.

Kama unataka bustani ambayo kila ua unalijua jina huu sio wako. Mimi siurudishi, ila ile fremu ya dhahabu inayong'aa nimeing'oa siku hiyohiyo, weka ya mbao tu, tena bila kioo, manake kioo kinameremeta na hiyo kazi yote ya kisu huioni tena.