Nyota tatu: programu iliyonifundisha kuamka kwa Kiingereza

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, na kila asubuhi naandika ripoti ya wodi kwa Kiingereza. Fulani kaamka saa tisa, fulani kaamshwa na maumivu. Miaka yote hiyo nikiandika "was woke by pain", hakuna aliyenikosoa, mpaka daktari mmoja mgeni alipolizungushia "woke" duara jekundu. Siku hiyohiyo nikapakua programu ya vitenzi kwenye simu. Jina lake nalihifadhi.

Mwanzo wake mzuri. Wake, woke, woken. Kisha sentensi mbili: "I woke at three", "The pain woke me". Sisi tuna amka na tuna amsha, mnyambuliko ndio unaofanya kazi. Mwingereza anatumia wake kotekote, na anayeamshwa anatajwa baada ya kitenzi, basi. Ukija kwenye kuamshwa, hapo ni woken, si woke: "was woken by pain". Mazoezi ya sehemu hii ni mengi na hayachoshi. Wameeleza vizuri pia kwamba husemi "wake up him" bali "wake him up".

Kilichonifaa zaidi ni tofauti ya wake up na get up. Amka yetu inabeba yote mawili, kufumbua macho na kutoka kitandani. Wodini hilo si dogo: mgonjwa aliyefumbua macho saa tisa na aliyesimama saa tisa si habari moja, hasa akiwa amefanyiwa upasuaji jana.

Halafu mambo yanaharibika. Wanamwaga wake, awake, waken na awaken kwenye meza moja kana kwamba zina uzito sawa, ukariri awoke na awoken usiku kucha. Katika mazungumzo wake up inatosha. Awaken utaikuta zaidi kwenye kuamsha hamu au matumaini. Ukiandika "waked" inakupiga mkasi mwekundu, ilhali kamusi za Marekani bado zinaiorodhesha. Aya moja ya historia ingetosha: Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili ndugu, wacan kilichobadilisha irabu na wacian kilichoongeza kiambishi mwishoni, vikaja kuchanganyika. Mimi nikijua sababu, sihitaji kukariri.

"Awake" ya kuwa macho, ambayo naihitaji kila usiku, imefichwa mwisho kabisa. Mtu aliye macho kodo ni "wide awake", si "very awake". Kurauka wamekitafsiri "awake early", kosa tupu. Ni "get up early". Na hawakugusa kabisa kwamba "woke" siku hizi ni kivumishi pia, cha mtu aliyezinduka kuhusu dhuluma. Kamusi ya Oxford iliingiza maana hiyo mwaka 2017. Mwanafunzi akisema "I am woke" akidhani kasema yu macho, atashangaa watu wanavyomtazama.

Jambo la mwisho ni sauti. Kila ukipata jibu sahihi, simu inalia kama saa ya kuamshia. Usiku mmoja nilisahau kuizima, nikapata "woken" kwa mara ya kwanza, na kitanda cha 4 kikagutuka. Asubuhi nikaandika kwenye ripoti, bila kosa la sarufi: "was woken by a phone". Simu ya nani, sikuandika.