TAHADHARI: Yadi inayozima taa ya cheki injini kabla ya kukuuzia gari (Dallas na Fort Worth)

Ndugu zangu mnaotafuta gari la mtumba huku Dallas, Fort Worth, Arlington na vitongoji vyake, hasa mliofika karibuni: kuna yadi inayowauzia watu wetu magari ambayo taa ya cheki injini imezimwa kwa skana, kifaa cha kusoma na kufuta hitilafu kwenye kompyuta ya gari, muda mfupi kabla ya mteja kufika. Taa ikirudi, wanakuelekeza kwa "fundi wao", na huko unalipishwa spea ambazo hazikufungwa. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yameshapelekwa na hayajaamuliwa. Ila mchezo wenyewe lazima muujue, maana hawauchezi peke yao.

Mchezo unategemea sehemu ya gari ambayo wengi hatuijui, mfumo wa kunasa mvuke wa petroli. Kwenye karatasi za gereji utaona umeandikwa EVAP. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na sheria ya Marekani inataka mvuke huo usiachiwe hewani. Kwa hiyo unanaswa kwenye kopo lililojaa mkaa, yaani kanista, halafu injini ikiwaka valvu hufunguka na mvuke unavutwa ukaungue pamoja na petroli nyingine. Kompyuta ya gari hujipimia yenyewe kama kuna mahali panavuja. Kwenye magari mengi inafunga njia zote, inatengeneza mvuto mdogo ndani ya tanki, kisha inaangalia kama mvuto huo unapotea. Tundu la milimita 1 tu linatosha kuwasha taa kwa namba P0442, yaani namba ya hitilafu ambayo skana huisoma. La nusu milimita huleta P0456. Kifuniko cha tanki kilichosahauliwa au bomba lililochomoka huleta P0455.

Kipimo hicho hakifanyiki ovyo. Gari linatakiwa liwe limelala na kupoa, na petroli isiwe kidogo sana wala isijae. Kwa magari mengi ni kati ya asilimia 15 na 85 hivi, ingawa kila kampuni ina kiwango chake. Baadhi ya Toyota husubiri gari lizimwe, na baada ya saa kama tano pampu ndogo iliyo kwenye kanista ndiyo inajiwasha kupima. Tena mara nyingi hitilafu lazima ionekane safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Muuzaji akifuta namba kwa skana, au akichomoa tu waya wa betri, anajipatia siku kadhaa za dashibodi isiyo na taa. Ndiyo maana yadi hii hukabidhi magari tanki likiwa limekauka, taa ya mafuta inawaka. Mteja anadhani ni ubahili. Kumbe petroli ikiwa chini hivyo, kipimo cha EVAP hakianzi kabisa.

Yadi watakuambia: "Lakini gari lilipita kipimo cha moshi, karatasi hii hapa." Nayo ni halali! Texas ilifuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi kuanzia Januari 1, 2025, lakini kipimo cha moshi kilibaki kwenye kaunti 17, zikiwemo Dallas, Tarrant, Collin na Denton. Wanachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kusoma kompyuta. Kwa gari la 2001 na kuendelea, kipimo kimoja cha ndani, yaani vile ambavyo kompyuta ya gari hujipimia yenyewe, kinaruhusiwa kuwa hakijakamilika na bado gari likapita. Kinachochelewa kukamilika kuliko vyote kwa kawaida ni hicho cha EVAP. Yadi inafuta namba, inaliendesha gari kidogo mpaka vingine vikamilike, inapata karatasi, inauza. Mwaka ukiisha unaenda kufanya usajili upya, taa inawaka, gari linakataliwa, na mzigo ni wako.

Aliyenifanya niandike ni mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyehamia huku na wanawe kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Alinunua sedani ya 2013. Wiki ya pili taa ikawaka. Akarudi yadi, akapelekwa gereji ya jirani, akaambiwa: "Mama, petroli inavuja, ukiendelea kuendesha na watoto humo ndani litawaka moto." Nani asingelipa? Dola 1,380, risiti imeandikwa kanista mpya, bomba, na kazi. Taa ikazimika. Baada ya siku chache ikarudi, namba ileile P0442.

Nikalala chini ya gari na tochi. Kanista iliyoitwa mpya ilikuwa imepakwa tope kavu la miaka, boliti zake zina kutu isiyo na mkwaruzo hata mmoja wa spana, na vumbi limefunika viungo vya mabomba bila alama ya kidole. Walichofanya ni kufuta namba tu. Tukalipeleka gari kwa fundi mwingine mwenye mashine ya moshi, ile inayopuliza moshi ndani ya mabomba ya EVAP ili uonekane unapotokea. Haukupita muda, uzi mwembamba wa moshi ukaanza kupanda nyuma ya tairi la nyuma kushoto, kwenye kipande cha mpira kinachounganisha bomba na shingo ya tanki. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa juu, usikoonekana mpaka uukunje. Spea yenyewe haikufika dola 20.

Kuhusu hayo maneno ya moto: taa ya EVAP iliyotulia bila kumetameta haimaanishi gari litalipuka, na kwa kawaida hailizuii kutembea. Taa inayometameta ndiyo ya kusimamisha gari, kwa sababu hiyo ni injini kukosa kuwaka sawasawa. Na ukisikia harufu kali ya petroli au ukiona tone chini, hapo ni uvujaji wa petroli yenyewe: usiliendeshe, ita fundi. Atakayekutisha kwa moto wakati hujanusa kitu wala kuona tone, mwombe akuonyeshe mahali panapovuja. Mimi huo ndio msimamo wangu kwenye namba hizi: hakuna kulipia spea mpaka moshi uonekane kwa macho yako, au kwa video kwenye simu yako.

Na hata mashine ya moshi ina wahuni wake. Ya kweli husukuma moshi kwa shinikizo dogo sana, kama nusu PSI (kipimo kilekile cha upepo wa tairi). Tairi la gari lako lina zaidi ya 30. Ukimwona mtu anachomeka bomba la kompresa la kujazia upepo moja kwa moja kwenye mfumo huu, mzuie, kwa sababu anaweza kuharibu valvu zilizokuwa nzima na kisha akuuzie mpya.

Kabla hata ya gereji, tazama kifuniko cha tanki. Pete ya mpira ikiwa imekauka au ina ufa, badilisha. Nunua kinacholingana na modeli yako, si kile cha "kinaingia magari yote". Kaza mpaka kilie, kisha uwe na subira, kwani taa huhitaji safari kama tatu safi mfululizo ndipo izimike yenyewe. Kama gari linagoma kuwaka kila ukitoka kujaza mafuta, mshuku kwanza valvu inayopeleka mvuke kwenye injini. Mara nyingi imekwama ikiwa wazi. Na acheni tabia ya kuongeza petroli baada ya pampu kujikata, petroli ya maji ikiingia kwenye kanista mkaa unaharibika. Wakati mwingine mkosaji hata si binadamu: mwaka 2011 Mazda iliita baadhi ya magari yake ya Mazda6 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu buibui walikuwa wanajenga utando kwenye bomba la hewa la mfumo huu.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: beba skana yako. Za Bluetooth za dola 20 zinatosha, programu iko kwenye simu. Usiishie kutazama kama kuna namba. Fungua ukurasa wa vipimo vya ndani, na ukiona EVAP imeandikwa Incomplete au Not Ready, yaani kipimo hakijakamilika, uliza kwa nini. Angalia pia umbali uliotembea tangu namba zifutwe, skana nyingi huonyesha. Maili 12 kwa gari "lililokaa vizuri mwaka mzima" ni jibu tosha. Magari mengi ya 2010 na kuendelea huhifadhi pia namba za kudumu ambazo skana haifuti wala kuchomoa betri hakufuti, gari lenyewe ndilo huziondoa likishajipima na kuridhika. California huzikagua kwenye kipimo chao tangu Julai 2019. Wewe zikague mwenyewe papo hapo yadini.

Soma na karatasi ya dirishani inayotakiwa na serikali kuu kwenye magari ya mtumba ya yadi. Ikiwa imetiwa alama As Is, yaani unalichukua lilivyo bila dhamana, ahadi ya mdomo ya "ukipata shida rudi" ina uzito mdogo sana. Aandike kwenye karatasi hiyohiyo, la sivyo ondoka.

Walioshauziwa na yadi ya namna hii: malalamiko dhidi ya muuzaji mwenye leseni yanapelekwa TxDMV, idara ya magari ya Texas, na dhidi ya gereji kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas, kitengo cha walaji. Yote hufanyika mtandaoni bila malipo. Risiti msitupe, na pigeni picha za hiyo spea "mpya" ikiwa na tope lake kabla fundi mwingine hajaigusa. Anayekwama kwenye fomu za Kiingereza aniandikie inbox, tutajaza pamoja.