Nililipia video za misemo ya Kiingereza, nikaumbuka kikaoni

Mwenye chaneli simtaji, asije akapata wafuasi kwa mgongo wangu. Ni Mmarekani, anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno, na nimemlipa miezi minne. Bando juu yangu. Nilikuwa namsikiliza kwenye mwendokasi toka Kimara, nimesimama, begi la mtu limenikaa mbavuni, narudia misemo kimoyomoyo mpaka Kivukoni.

Siku moja, masika yaliyopita au yale ya kabla yake, akafundisha "to table something": kuliweka jambo kando, lizungumzwe siku nyingine. Mfano mmoja tu, kengele ikalia, tukahamia msemo mwingine.

Ofisini kwetu tunatoa mizigo bandarini, na bosi ni Mwingereza. Kikaoni ikafika zamu ya kontena zilizokwama, na mimi nyaraka sijakamilisha. Nikaona leo ndiyo leo. Nikakohoa kidogo: "Let's table this one." Bosi akaweka kalamu chini, akasema haya, tunakusikiliza. Watu tisa wananitazama! Nilijibu nini sikumbuki. Nakumbuka jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

Kumbe kwa Waingereza maana yake ni kinyume kabisa: kulileta jambo lijadiliwe. Kinachoniuma zaidi, Kiswahili kilishanifundisha bure. Bunge likikaa Dodoma tunasikia hati zinawasilishwa mezani, na hakuna anayedhani zimeahirishwa. Hata Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana muda mrefu kwa neno hilohilo.

Nikamwandikia mwalimu kwa adabu zote, shikamoo tu ndiyo sikuweka. Jibu lake: "Watch again." Nirudie kutazama! Nilipouliza tena, maoni yangu yakafutwa.

Nyota moja. Ila msema kweli mpenzi wa Mungu: "ballpark figure" nimeijulia kwake, msemo uliotoka kwenye viwanja vya besiboli, na mteja alipoutumia akitaka makadirio ya gharama, mimi peke yangu sikubabaika. Basi mbili. Hapana, yale maoni aliyafuta. Moja, tena ya besiboli.

Usajili nimeshakatisha. Zile video zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi namalizia, hela yangu ilishakwenda.