Utumbo wa kondoo au sintetiki: nyuzi zipi kwa kwateti inayopiga muziki wa Baroko?

Kwateti (kundi la wapigaji wanne) ikitaka kupiga fyuga (vipande ambamo mistari kadhaa huingia kwa zamu na wimbo uleule) tano za Bach, mtunzi wa enzi ya Baroko (takriban 1600–1750), ambazo Mozart alizipanga kwa fidla mbili, viola na selo mwaka 1782, ubishi huanzia kwenye nyuzi.

Kwa sauti, utumbo unashinda waziwazi: upinde hushika mara moja, na kila mstari wa fyuga husikika peke yake. Ila utumbo hunyonya unyevu. Taa za jukwaa zikiwaka, tuni huanza kuhama, kwa hiyo tengeni muda wa kupatanisha kati ya vipande. Uzi wa E, ulio mwembamba kuliko zote za fidla, hukatika mapema zaidi. Ukiona vinyweleo vimechomoza juu yake, vikate kwa kikata kucha. Ukivivuta, uzi unazidi kuchanika. Uzi mpya ufungwe siku kadhaa kabla, maana huendelea kurefuka.

Sintetiki hutulia, hudumu miezi mingi, na gharama yake kwa mwaka ni ndogo.

Programu yote ni ya Baroko, kwenye kanisa la mawe lenye mwangwi? Fungeni utumbo, mpatanishe noti ya A kwa 415 Hz (mitetemo kwa sekunde), takriban nusu toni chini ya 440 Hz ya kisasa. Kama kuna kipande cha kisasa cha 440 Hz, chukueni sintetiki: kushusha na kupandisha nusu toni usiku mmoja huvuruga ala nzima.