Mdomo wa bati wa vakyumu niliotengenezewa mtaa wa Gerezani, Dar, miezi minne ya kuutumia

Wadau wa mbao, hii nawaandikia hasa nyie wenye karakana ndogo kama yangu. Mimi niko Keko, Dar es Salaam, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda, na hiki kitu nimekaa nacho miezi minne ndio nakisemea maana sipendi kusifia kitu cha wiki moja.

Shida ilianzia kwenye mdomo wa plastiki uliokuja na vakyumu, yaani mashine yangu ya kuvuta vumbi. Vakyumu yenyewe ni ile ya pipa, inavuta vikavu na majimaji, sina ugomvi nayo, mota bado iko fiti kabisa, ila ule mdomo ni wa zulia na sakafu ya sebuleni, sio wa karakana. Chini una vibrashi, maranda ya mninga yananasa pale yanajazana, kila dakika tano unauinua unachokonoa kwa kijiti, na ukipitisha juu ya meza ya mashine unagonga kona ya chuma, mwezi wa tatu ukapasuka shingoni. Nikazungushia selotepu nyeusi ikashika wiki mbili. Nikaenda Kariakoo kutafuta mwingine, duka la kwanza shingo ndogo, la pili shingo kubwa, la tatu ulikuwepo wa kuingia lakini ni uleule wa zulia, na bei yake nikaona hapana.

Kuna watu watasema si ufagie tu. Hapana. Ukifagia vumbi la mbao unalirusha juu, lile zito linashuka, lile laini ambalo ndio baya linabaki hewani na unalivuta mpaka jioni. Mjomba wangu aliyenifundisha kushika randa alifanya hii kazi zaidi ya miaka 30 bila hata kitambaa puani, na miaka yake ya mwisho alikuwa anakohoa usiku mzima, mke wake anakaa naye kitandani anampigapiga mgongo. Vumbi la mbao tangu 1995 liko kwenye kundi la kwanza la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Nina madogo wawili nafanya nao kazi, mmoja ana miaka 19. Kwa hiyo mdomo wa vakyumu kwangu sio urembo.

Jirani yangu anayechomelea mageti akanielekeza kwa mzee mmoja fundi bati pale Gerezani. Kazi zake ni majiko ya mkaa, ndoo, trei za kuokea mikate, karai. Nikafika nikamwamkia shikamoo, nikamuwekea ule mdomo uliopasuka mbele yake, akaugeuza, akauchungulia ndani, akauliza, "Hii inavuta upepo au inapuliza?" Nikamwambia inavuta mzee wangu. "Basi hiyo ni faneli tu, njoo kesho kutwa kijana wangu."

Sasa hapa nisimtupie lawama yeye peke yake, maana vipimo nilimpa mimi. Nilitaka mdomo mpana, nikamwambia milimita 250 upana, uwazi 20, urefu wa faneli 200, nikiamini ukiwa mpana ndio unafagia eneo kubwa unamaliza kazi haraka. Na yeye kanitengenezea hivyohivyo, kwa bati alilokuwa nalo la geji 30, lile jembamba (kwenye mabati namba ikipanda unene unashuka, wengi wanachanganya hapo). Ukawa mzuri wa kuangalia, unang'aa. Nikaufunga kwenye vakyumu, nikawasha, nikaupitisha kwenye maranda, hamna kitu. Unasukuma maranda mbele kama reki. Vumbi laini unachukua kidogo katikati, pembeni unaliacha lilivyo. Afu nilipoukandamiza kwenye sakafu uzibe vizuri, bati likapiga TANG, likabonyea ndani, nikiinua linarudi TANG. Dogo mmoja alikuwa anaupangusa akajikata kidole kwenye ukingo, maana ukingo uliachwa wembe.

Usiku ule nikakaa na daftari. Mpira wa vakyumu yangu kwa ndani una kipenyo milimita 35, eneo lake ni 3.14 mara 17.5 mara 17.5, unapata kama 962 za mraba. Ule mdomo wangu wa 250 kwa 20 ni 5,000. Zaidi ya mara tano! Hewa inayopita ni ileile, kwa hiyo kama kwenye mpira inakimbia, pale mdomoni inatembea. Kwenye kitabu cha mashine wameandika inavuta lita 30 kwa sekunde, hata tukichukulia hiyo 30 yote ipo, kwenye mpira unapata mita 31 kwa sekunde, na mdomoni kwangu 6 tu. Wanaofunga mabomba ya vumbi viwandani huwa wanalenga mita kama 20 kwa sekunde ili maranda yasitue njiani. Sita itabeba nini.

Na ile TANG nayo ina hesabu yake. Kitabu kinasema mvuto wa juu kabisa ni kilopaskali 20, huo unaupata ukiziba mdomo kabisa. Upande mmoja wa ile faneli ulikuwa na eneo kama mita za mraba 0.0285, ukizidisha inatoka nguvu ya nyutoni 570, ni kama kumsimamisha mtu wa kilo 58 juu ya bati la geji 30 ambalo ni tambarare, halina mkunjo hata mmoja. Lazima libonyee. Nilivyoona hiyo namba niliirudia mara mbili nikijua nimekosea, sikukosea.

Kwa hiyo jamani, mdomo wa vakyumu usiupime kwa upana, upime kwa eneo. Eneo la uwazi liwe karibu sawa na la mpira wako. Ukizidisha sana hewa inapungua kasi, ukibana sana nayo shida, kitu chochote kinene kinakwama mlangoni, hewa inapungua, na zile vakyumu za nyumbani ambazo mota yake inapozwa na hewa hiyohiyo inayovutwa zinapata moto. Mi nikaangukia 120 kwa 8, inatoka 960, yaani imekaa palepale. Ni mdomo mdogo kuliko nilioutaka, kiganja cha mkono na kidogo, ila nilisema kwanza tujaribu.

Nikajaribu kwa boksi. Hapa nawasihi msiruke hii hatua, boksi la viatu na selotepu havina gharama. Nikakata, nikaunganisha, nikafunga kwenye mpira, nikawasha kwa sekunde chache chache maana boksi nalo linabonyea. Nikawa nasogeza mdomo kwenye rundo la vumbi polepole naangalia linaanza kuruka nikiwa mbali kiasi gani. Ule wa bati wa kwanza mpaka uguse. Huu wa boksi, vumbi la msasa lilianza kutembea lenyewe kabla sijafika, yaani unaliona linajipanga mistari linakimbilia mdomoni. Niliita madogo waje waone.

Nikarudi Gerezani na boksi langu. Nilidhani mzee atakasirika, maana kazi yake nimeikataa, ila alichukua lile boksi akalifungua mishono akalilaza juu ya bati akasema, "Sasa umeniletea nguo, jana uliniletea maneno." Na hapo ndio nikaona kazi ya mtu aliyekaa na bati miaka. Ile sehemu ya kutoka pembe nne kwenda duara mi nilikuwa nimeikunja kwa kubahatisha, yeye akachora pembetatu kwenye bati kwa msumari na bikari, moja baada ya nyingine, kila pembe ya mdomo inatoa pembetatu zake kwenda kwenye robo ya duara, akazikunja kidogokidogo kwenye ukingo wa reli aliyonayo pale, hakupiga nyundo sana, anabonyeza kwa kidole gumba anaangalia, anabonyeza.

Shingo ndio ilinifurahisha zaidi. Mpira wangu kwa nje una milimita 38, nikamwambia basi kata 119, kwa sababu 3.14 mara 38 ni 119. Akakataa. Akaniambia ukikata 119 haitaingia, bati nalo lina unene wake, na unene unakula. Yeye hana kikokotoo, alichukua ukanda wa bati lilelile akauzungushia kwenye mpira akaweka alama pale ulipokutana, tukapima, 121, ndio akaongeza za mkunjo. Nilienda kupiga hesabu nyumbani, ukichukua kipenyo cha katikati ya unene wa bati inatoka 121 kweli.

Huu wa pili tulitumia geji 26, na kwenye nyuso mbili kubwa akaweka mkunjo wa msalaba, mistari miwili inayokatana kama herufi X, mkunjo mdogo hata hauuoni kwa mbali. Mafundi wa mabomba ya viyoyozi ndivyo wanavyofanya na sababu ni hiyohiyo, bati tambarare linacheza, lenye mkunjo linakaza. Ukingo wote wa mdomo ameugeuza kwa ndani akaulaza, hamna wembe tena na haukwangui mbao iliyopigwa msasa. Mshono wa nyuma kaufunga kwa kukunja bati likashikana, afu akapitisha risasi ya kulehemu, ile ya kupasha kipande cha shaba kwenye mkaa, asidi kidogo, inalia tssss na risasi inakimbia yenyewe ndani ya mshono. Nilimuuliza kwanini asichomelee kwa umeme kama jirani yangu, akasema bati la zinki ukilichomelea zinki inaungua inatoa moshi mweupe, ule moshi unakulaza na homa, na bati lenyewe linatoboka. Afu akaziba shingo kwa kiganja akajaza maji kama anajaribu ndoo. Tone moja likatoka kwenye kona, akarudia pale.

Kitu kimoja niliongeza mimi, kwenye ukingo wa mbele nilimwomba akate vijimeno vitatu vidogo. Mdomo ukikaa bapa kabisa kwenye sakafu unajibana, unashindwa kuusogeza, na hewa haipiti kwa hiyo vumbi halibebwi hata kama unasikia mvuto mkali. Lazima hewa ipate pa kuingilia. Watu wengi wanaona vakyumu imeng'ang'ania sakafu wanasema hii ina nguvu, kumbe pale haifanyi kazi.

Miezi minne sasa. Meza ya mashine ya kupasua, chini ya randa, kwenye kona za kabati baada ya kutoboa, unaingia kote. Upana wa 120 sijaujutia, unapita mara mbili pale ulipokuwa unapita mara moja lakini kinachopitiwa kinaondoka. Mvule, ambao vumbi lake huwa linawasha madogo mikono na macho, sasa tunavuta palepale tunapomaliza kukata. Hauna hata mbonyeo. Umeanguka kwenye zege mara mbili kona moja ikapinda nikainyoosha kwa koleo, wa plastiki ungekuwa vipande.

Kasoro zipo nazisema. Ni mzito kuliko plastiki, ukifanya kazi ya juu ya kabati mkono unachoka. Shingo ilikuwa inacheza kidogo nikavalisha kipande cha tyubu ya baiskeli ndio ikashika. Maranda marefu ya randa ya mkono, yale yanayojikunja, uwazi wa 8 hauyapitishi, hayo bado tunaokota kwa mkono. Katikati ya faneli pia kuna tumbo kidogo, pale hewa inapungua kasi, vipande vizito vya mbao vinakaa mpaka uinamishe. Na mzee aliniambia kesho kutwa ikawa siku nne, mara zote mbili, hilo mjipange nalo. Afu mdomo mzuri hautibu filta mbovu, kama filta yako inapitisha vumbi la MDF (zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) nyuma, basi unalitoa chini unalirudisha hewani.

Bei nililipa elfu 18 kwa ule wa pili, bati lake humohumo. Wa kwanza nilimlipa elfu 12 na sikudai irudi, vipimo vilikuwa vyangu.

Mkienda kwa fundi bati yeyote nendeni na mpira wenyewe wa vakyumu, msibebe namba kwenye simu, na mfano wa boksi ulioujaribu. Mwambieni geji 26, ukingo ulazwe, mkunjo wa msalaba, na ajaribu kwa maji mkiwepo. Mimi Jumamosi nampelekea boksi lingine, safari hii ni mdomo wa kukaa moja kwa moja nyuma ya mashine ya kupasua, pale vumbi linapotokea, na kwa sababu hausogezwi nataka auwekee miguu.