Kusaka hazina kwa gari la zamani, Nairobi hadi Naivasha: njia tamu, kijitabu chenye dosari

Mwenye Peugeot 404, Datsun ya miaka ya sabini au Volkswagen Beetle hapa Nairobi hana mahali pengi pa kuitoa gari lake. Kuna maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, yaliyoanza 1970, ambako gari hung'arishwa na kukaguliwa hadi chini ya sakafu. Kuna pia East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003, ambazo gharama zake si za mtu anayetegemea mshahara. Kusaka hazina, yaani mchezo wa kufuata njia kwa kijitabu huku mkijibu mafumbo, kumekaa katikati ya hayo mawili: gari linatembea siku nzima, halipigwi mawe, na familia inakaa kiti cha nyuma. Njia inayotathminiwa hapa inatoka upande wa Limuru Road, inapita Ruaka, Banana na Tigoni, inafika Rironi, inateremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha inaishia kando ya ziwa Naivasha. Ukijumlisha na vichochoro vya mashambani ni zaidi kidogo ya kilomita 100.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila gari lina dereva na mwelekezi. Asubuhi mnapewa kijitabu cha njia, karatasi ya majibu na bahasha iliyofungwa. Magari yanaondoka moja moja, yakipishana kwa dakika mbili, ili yasifuatane kama msafara wa harusi. Hakuna anayepimwa kasi. Kuna saa ya mwisho ya kufika tu, na ni saa iliyowekwa kwa huruma. Alama zinatokana na mafumbo yaliyojibiwa sawasawa. Magari mawili yakilingana, linashinda lile ambalo kilomita zake zimekaribia zaidi umbali rasmi. Ndani ya bahasha mna jina la mahali pa mwisho: ukiifungua unapoteza alama, lakini hukosi chakula. Bahasha hiyo ni jambo la maana sana, na mtayarishaji yeyote asiyeitoa asilipwe ada. Mtu mwenye watoto wadogo hafai kuwa anazunguka Kinale, kule kwenye barabara ya juu, na ukungu wake saa kumi na moja jioni akitafuta njiapanda.

Kijitabu ndicho moyo wa siku, na hapo ndipo penye sifa na lawama.

Michoro yake ni safi. Kila njiapanda imechorwa kwa mistari: nukta ndiko unakotoka, mshale ndiko unakoelekea, na kando yake pameandikwa kilomita hadi desimali moja. Mwelekezi ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo ataizoea kabla ya kufika Ruaka. Kilichokosekana ni kipande cha njia cha kupimia odometa, ile saa ya gari inayohesabu umbali. Magari mengi ya zamani ya Kiingereza yanahesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.609, hilo kikokotoo cha simu kinalimaliza. Tatizo kubwa ni tairi. Gari lililotoka kiwandani na tairi nyembamba ndefu, leo limevaa saizi iliyopatikana dukani, na odometa haijui hayo. Waandaaji makini hutenga kilomita 10 za mwanzo zisizo na fumbo, ili kila gari lilinganishe. Ikiwa kijitabu kinasema 10.0 na odometa yako inasoma 10.4, zidisha kila umbali wa kijitabu kwa 1.04. Usipofanya hivyo, penye kilomita 60 utakuwa umekosea kwa kilomita 2.4, na kwenye mashamba ya chai yenye njiapanda kila baada ya mita mia chache, kosa hilo linatosha kukupeleka kwenye kiwanda badala ya kwenye lami. Kwa kuwa kijitabu hiki hakina kipande hicho, fanya kipimo mwenyewe siku iliyotangulia kwa kutumia GPS ya simu, kwenye barabara iliyonyooka, na upepo wa tairi uwe ule ule utakaosafiri nao.

Mafumbo yameandikwa kwa Kiingereza yote, isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililoyashinda mengine yote kwa uzuri. Limetegwa kama kitendawili: «Tulikuja askari, tukachonga barabara tukiwa mateka, tukajenga nyumba ambayo hatukulala. Tuhesabu madirisha ya mbele.» Jibu liko kwenye kile kikanisa kidogo kando ya barabara ya chini, kabla ya Mai Mahiu, kilichojengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Fumbo hili linakulazimisha kusimama, kushuka, kutembea na kutazama kitu ambacho watu wengi wamekipita mara hamsini bila kugeuza shingo. Lugha yetu imejaa vitendawili; waandaaji waipe nusu ya kijitabu.

Lawama ni mbili. Mafumbo mawili yaliuliza maneno yaliyoandikwa kwenye vibao vya wachuuzi. Kibao cha mchuuzi hulala nyumbani kwake. Leo kiko hapa, kesho kiko mbele mita mia mbili, na washiriki wakaleta majibu tofauti yote yakiwa ya kweli. Fumbo liwekwe juu ya kitu kisichohama: jiwe la msingi, daraja, kibao cha stesheni ya reli. Lawama ya pili ni nzito zaidi. Fumbo moja lilihitaji kusoma alama iliyo kwenye kona ya mteremko, mahali pasipo na nafasi ya kuegesha, huku malori yakishuka nyuma yako. Hilo lisirudiwe kamwe.

Sasa gari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita mita 2,200. Kwa hewa nyepesi hivyo, injini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inabaki na karibu robo tatu na ushee ya nguvu zake za pwani. Mchanganyiko nao unakuwa mzito, petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zinapata masizi meusi. Usianze kugusa skrubu za kabureta pale Tigoni. Baada ya saa mbili utakuwa chini tena na utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Kinachosimamisha magari mengi kwenye kipande hiki si kabureta, ni foleni ya Ruaka. Gari limesimama, joto limejaa chini ya boneti, na petroli inachemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye pampu. Mwinuko unaongeza ubaya, kwa sababu kila kimiminika huchemka kwa joto la chini zaidi hewa inapokuwa nyepesi. Dalili zake: injini inakohoa, inazima, na ukijaribu kuwasha, mota ya stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Watu hukimbilia kubadilisha plagi. Acha plagi. Fungua boneti, funga kitambaa kilicholoweshwa maji kwenye pampu ya petroli na kwenye bomba linaloelekea kwenye kabureta, subiri dakika 10 hadi 15, kisha washa. Kama bomba la petroli linapita karibu na ekzosi, lisogeze au livalishe kinga ya joto kabla ya siku yenyewe. Maji ya rejeta nayo, huku juu, huchemka karibu nyuzi 93 badala ya 100 ikiwa kifuniko hakizuii shinikizo. Mpira wa kifuniko ukishakakamaa, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo chini ya boneti hiyo.

Tigoni yenyewe ni zawadi. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903, na barabara nyembamba zinazopinda katikati ya ule ukijani zinaufaa kabisa mwendo wa gari la zamani: gia ya tatu, dirisha chini, harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Kuanzia Juni hadi Agosti panakuwa na baridi na manyunyu, kwa hiyo hakikisha waipa zinafuta kweli. Masika ya Machi hadi Mei, barabara za udongo ndani ya mashamba huteleza kama sabuni. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuchagua.

Kutoka Rironi kushuka ndipo kijitabu kingestahili ukurasa mzima wa maonyo, nacho kimeweka sentensi moja. Gari lenye breki za dramu magurudumu yote manne linaweza kushuka salama, lakini kwa gia. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, kwa kawaida ya pili, na ukanyage breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha uachie ipoe. Usiegemeze mguu juu ya pedali mteremko mzima. Ujue pia kutofautisha hatari mbili. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halipungui mwendo, na unasikia harufu ya kuungua, lainingi za breki zimepata joto kupita kiasi: tafuta nafasi pana, simama, acha dramu zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji hupasuka. Pedali ikiwa laini na kuzama hadi sakafuni, oili ya breki imechemka. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na unyevu huo ndio unaogeuka mvuke. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linalala gereji.

Waandaaji walikuwa na gari moja la fundi, nalo lilikaa nyuma ya msafara juu kabisa. Kwa njia hii yanahitajika mawili, na la pili lisubiri Mai Mahiu.

Baada ya Mai Mahiu barabara inanyooka, Longonot iko upande wa kushoto na mita zake 2,776, na gari linapumua. Chakula cha ziwani kilichelewa lakini kilikuwa kizuri. Zawadi zilikuwa ndogo, kama inavyofaa.

Vya kubeba, kwa gari lolote la kabureta: mkanda wa feni, kontakti pointi na kondensa ya distributa, plagi mbili, hosipaipu ya juu ya rejeta, oili lita moja, maji lita tano, waya, tepu ya umeme, jeki inayoinua kweli, spea yenye upepo, kizima moto na pembetatu mbili za tahadhari. Sehemu nyingi kati ya hizo utazipata Kirinyaga Road kwa kwenda na ile ya zamani mkononi kama sampuli. Pointi zipimwe kwa geji. Magari mengi ya enzi hiyo hutaka pengo la karibu milimita 0.4, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Kurudi Nairobi, pita barabara ya juu ya Kinungi, na uondoke Naivasha kabla ya saa tisa alasiri. Gari la dainamo, ile mashine ya kizamani ya kuchaji betri, likiwa kwenye foleni na taa zimewashwa, waipa zinafanya kazi na injini iko mwendo wa chini, linatumia umeme mwingi kuliko linaotengeneza, na betri itaanza kufifia karibu na Kinale, mahali ambapo unazihitaji taa hizo kuliko pengine popote.