Uzoefu wangu: bolti za kufungia kivuli cha turubai kwenye ukuta wa tofali za kuchoma

Nyumba yetu iko Uyole, ya tofali za kuchoma kama zilivyo nyingi hapa Mbeya. Kuanzia Novemba mvua inapiga kibarazani mpaka mlangoni, kwa hiyo nikachomelesha fremu ya chuma ya mita 3 kwa upana, inayotoka nje mita 2, ikavalishwa turubai zito. Uchomeleaji ulikuwa safi kabisa. Ninachotaka kuwaeleza ni bolti, maana hapo ndipo watu wengi wanauziwa kitu kisichoendana na ukuta wao.

Fremu ilikuja na mfuko wa rawo bolti za milimita 10. Aliyeniuzia hakuuliza ukuta wangu ni wa nini, alisema tu zinashika popote. Si kweli. Rawo bolti inashika kwa kutanuka: ukiikaza, ganda lake linasukuma pande zote za tundu. Kwenye zege inang'ang'ania hasa. Kwenye tofali la kuchoma, hasa lile lililokaa pembeni mwa tanuru likatoka halijaiva vizuri, msukumo huohuo unapasua tofali. Leo inakaza, kesho inacheza.

Fundi aliyekuja kufunga nampa alama zote. Kabla ya lolote alitoboa tundu dogo la kujaribia, akakinga vumbi kwa kiganja. Ukatoka unga wa kijivu wa plasta, halafu mwekundu, laini. "Dada, hizi ni za zege," akasema, akazirudisha mfukoni. Juu ya mlango, ambako kuna lenta, yaani boriti ya zege, vumbi liliendelea kuwa la kijivu na drili ikaanza kulalamika. Lenta yetu haizunguki nyumba nzima, iko juu ya milango na madirisha tu, kwa hiyo kishikio cha katikati cha fremu pekee ndicho kilichopata zege. Hapo tulitumia rawo bolti, ila za milimita 12.

Vishikio viwili vya pembeni tulivifunga kwa bolti za kupenya ukuta mzima. Tulinunua Mwanjelwa chuma chenye nyuzi za bolti urefu wote, cha milimita 12, kinauzwa kwa urefu wa mita moja, fundi akakata vipande. Alitoboa bila kuwasha nyundo ya drili, kwa sababu ile nyundo inabomoa tofali upande wa pili. Ndani ya nyumba kila bolti ilipata bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10, washa na nati. Sasa kinachovutwa si tofali moja, ni eneo zima la ukuta.

Kuna hesabu alinionyesha ambayo kila mwenye fremu ya namna hii aifahamu. Fremu yangu na turubai ni kama kilo 60, na uzito wake uko mita 1 kutoka ukutani. Bolti ya juu na ya chini zikiachana sentimita 10, bolti za juu kwa pamoja zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 600. Zikiachana sentimita 60, inashuka hadi kilo 100. Kwa hiyo tulirudisha fremu kwa mchomeleaji aongeze mikono ya kushuka ukutani. Hapo bado hujaweka upepo unaoinua turubai kutoka chini, wala maji yakituama: kila milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni kilo 1.

Chagueni bolti za gavanaizi zile za kijivu zilizofifia, si zile za kung'aa zenye gavanaizi nyembamba ambazo kutu inazianza mapema. Zibeni matundu ya juu kwa silikoni, maji yasiingie nyuma ya plasta. Baada ya mvua za kwanza nilikaza nati kwa spana ya 19, zikasogea kidogo tu. Ukuta hauna ufa mpaka sasa.

Nisichokipenda ni yale mabamba yanayoonekana sebuleni. Tumeyapaka rangi ya ukuta lakini ukikaa kwenye kochi unayaona. Wenye nyumba za bloku zenye matundu ndani waulizie gundi ya kutilia bolti pamoja na kichujio chake, yaani mrija wa wavu unaoingia tunduni. Bila kichujio gundi yote inamwagikia ndani ya bloku, na bei yake si ya kumwaga.